Karatasi ya Miaka na Karatasi ya Damu

Mbarara, hospitali kubwa, chumba ya banaume
Tarehe 6 mwezi wa ine 2025

Bibi yangu Georgette, Mama Ushindi,

Salamu mingi katika jina la Bwana. Ninaandika mimi mwenyewe na mukono yangu. Sikuomba mutu, hata kama Grégoire wa kitanda ya pembeni ana kalamu nzuri na anajua Kifaransa. Pa telefone pumzi inakatika, juzi ulisikia nahema tu, ukazani ni upepo. Karatasi haitaki pumzi.

Kwanza ujue: sikuanguka. Batu ba Kaberebere watakuambia nilianguka kama gunia mbele ya duka ya mbolea. Ni uongo. Nilikaa chini haraka. Kifua kilifungwa, nikaona mwangaza mweupe mingi, nikasema ngoja nikae. Mwenye kuanguka hakupanga. Mimi nilipanga, lakini kwa haraka.

Balinileta hapa na gari yenye kulia. Docta wangu anaitwa Anne, binti mudogo, alikulia ku kambi ya baaskari ya Makenke, basi Kiswahili yake ni ya amri, utazani anafukuza mwizi. Alishika muguu yangu, ule nilikata na jembe mwezi wa pili, nikakuambia umepona. Mama Ushindi, haukupona. Ulikuwa unavimba na mimi nilikuwa navaa suruali ndefu. Docta anasema damu iliganda mule mu muguu, kipande kikatoka, kikapanda ndani ya tumbo, kikapita ku moyo, kikakwama mu mapafu. Nikamuuliza, safari yote ile kilipita mimi sisikii? Akasema ndiyo. Nilistaajabu. Mimi mutu mwenye kusikia panya mu mahindi ya jirani.

Sasa sikia vile banapima hatari. Iko karatasi mbili. Ya kwanza ni karatasi ya miaka. Kila mwaka wa kuishi ni alama moja, banaongeza kumi kama uko mwanaume, na zingine kama uko na ugonjwa mwingine mukubwa. Mustari ni 85. Ukiupita uko fasi mubaya. Mimi nilipata 71, ni miaka 61 ya ku kadi na kumi ya uanaume. Chumba yote hakuna mwenye alama kidogo kama mimi.

Ya pili ni karatasi ya damu. Moyo ukisukuma mpaka kushindwa unaumia, na ukiumia unaacha alama mu damu, kama mutu aliyelia pa siri na machozi inabaki ku shati. Mashine inahesabu yale machozi. Yangu ni 31. Docta anasema kwa mutu wa miaka 61 haifai kupita 14. Basi nibaki, anasema, hata wiki mbili, nisibebe kitu.

Nikamuambia Ijumaa Kuu ni tarehe 18. Nikamuambia musalaba wa parokia yetu ni wa mukaratusi, nilichonga mimi, na ni mimi naubeba mpaka kituo cha mwisho, pale kilima kinapanda juu ya Base Camp, mwaka wa nane sasa, bila mutu kushika hata mukia. Akasema: "Mzee, wewe hapana beba hata mto ya kichwa."

Usimuogope. Tarehe 17 niko nyumbani.

Mchana nikisinzia na mupira ya hewa mu pua, naona damu yangu inatembea inje yangu. Inashuka ku ngazi ya hospitali, inapita mu ndizi za batu, inafika ku ziwa, si lile la Nakivale, lile letu la Uvira, na inakaa pale inaongea na mama yangu. Sisikii wanasema nini. Nikiamuka ninaona tu sindano ya tumbo inakuja.

Bwana wako mwenye nguvu,
Appolinaire

*

Nakivale, 8 Aprili 2025

Papa Appolinaire, bwana wangu,

Gisèle amenipa barua yako pamoja na vitenge vyake vya kuuza, ina harufu ya kitambaa kipya. Nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nililia juu ya muguu. Mara ya pili nilikasirika juu ya muguu.

Asubuhi hapa ukungu unatoka ziwani na kupanda mpaka mlangoni, siwaoni hata kuku wangu, nawasikia tu. Nasimama ndani yake nikiwaza kwamba wewe pia uko ndani ya kitu cheupe namna hii, na mtu anakuita kwa mbali. Mtii huyo docta. Kama anaongea kwa amri, ni vizuri, wewe husikii lugha ingine.

Mimi ile karatasi ya miaka imenifariji. Unakumbuka siku ulikuja kuniomba, mwaka wa 2016. Nilikupa kiti, nikakuambia kabla hujasema neno: nimemzika Natanaeli kule Uvira, nimemzika Léopold hapa hapa, sitazika wa tatu. Nikataka kuona kadi yako ya ukimbizi. Wanawake wengine wanaomba kuona nyumba ao shamba, mimi niliomba kadi. Ulicheka, ukaitoa mfukoni, nikasoma: 1964. Miaka miwili tu mbele yangu. Na siku ile uliruka mtaro wa maji ukienda, mbele ya macho yangu, bila kushika kofia. Nikasema moyoni, huyu atanizika mimi.

Kwa hiyo baki huko hata mwezi. Nimemuambia katekista Nicodème kwamba mwaka huu hutabeba. Amesema msalaba ataupeleka Thaddée.

Mimi bibi yako,
Georgette

*

Mbarara, tarehe 10 mwezi wa ine

Mama Ushindi,

Thaddée. Thaddée mwenye mabega ya kuku. Mimi sina ubaya na Barundi, ni bandugu zetu, lakini yule akibeba ndoo ya maji inafika nusu. Ataangusha musalaba ku kituo cha tatu, na Bwana Yesu mwenyewe ataona aibu.

Lakini sikia, nimepata njia. Leo docta Anne alikuja na banafunzi wake, akabafundisha juu ya damu yangu, nilikuwa mwalimu bila kufungua kinywa. Akasema moyo ya muzee inaacha machozi kidogo mu damu hata siku za amani. Juu ya ile, kwa mutu mwenye kupita miaka 75, mashine inaruhusu mpaka 45. Mimi niko na 31. Akasema, huyu angekuwa na miaka ile, namba yake haingenisumbua.

Nikainuka ku kitanda. Nikasema basi niko na 79. Banafunzi balicheka. Docta naye akacheka, akasema wazee wote wa chumba hii banataka kurudi nyumbani, juzi mumoja alisema yeye ni padiri na banamungoja ku misa. Akaonyesha kadi yangu: 1964. Akasema kama niko na 79, nilete shahidi.

Basi fanya kazi kidogo. Chukua karatasi, andika: Mimi Georgette, bibi yake, najua bwana wangu Appolinaire alizaliwa mwaka wa 1946. Weka sahihi, weka na kidole. Gisèle ataileta. Ni hila tu ya kutoka, haina madhara. Ni namba mu karatasi.

Andika upesi, bado siku nane.

Appolinaire

*

Nakivale, 12 Aprili 2025

Papa Appolinaire,

Sitaandika.

Mimi nafundisha batoto katekisimu, kesho ni Jumapili ya Matawi, na wewe unataka niweke kidole changu juu ya uongo ili utoke hospitalini ukabebe mti mlimani na damu ikiwa imekwama kifuani. Umefikiri nini? Kama mashine inasema moyo wako unalia, hata ukijiita Metusela, utaacha kulia?

Unasema ni namba tu. Kwangu si namba. Ukiwa shambani nami napika peke yangu, naihesabu ile miaka ya kadi. Nasema ana 61, baba yake alifika 88 kama anavyojisifu, basi tuko na ishirini na saba. Naigawa. Kumi ya kulima, kumi ya kukaa mlangoni, saba ya kuwa wachafu na wasahaulifu na kutunzwa na Ushindi. Katika ile saba ya mwisho, mimi natangulia. Nalala, wewe unafunga mlango. Nimeiota mara nyingi, hainiogopeshi, ni kama kusikia mtu anafagia chumba kingine.

Usinichezee na miaka ile. Kula, lala, ongea kidogo.

Georgette

*

Mbarara, tarehe 14 mwezi wa ine

Georgette,

Leo siandiki Mama Ushindi, ninaandika jina yako.

Sihitaji tena ushahidi wako. Docta Anne aliniamini, na haikusaidia kitu. Ningeweza kunyamaza na usingejua kamwe. Kalamu iko mu mukono, na mukono haitaki kunyamaza, sijui ni dawa gani balinipa.

Ile niliomba uandike haikuwa uongo. Nilizaliwa 1946. Niko na 79. Uongo ni ule wa kadi.

Ngoja, usitupe karatasi. Siku tulifika Nakivale, 2012, tulipanga mustari mbele ya meza ya kuandikisha. Batu mu mustari banasema wenye kupita sitini banawekwa fasi yao na bagonjwa, banapewa uji, hawapewi jembe wala kiwanja. Sijui kama ni kweli, sikuiona na macho. Lakini jembe niliziona, zimelala kando, mupya, na mimi nilitaka jembe. Mwanaume ya meza akauliza, mwaka wa kuzaliwa? Kinywa ikasema 1964.

Kwa nini 1964, nimewaza sana hapa. Mwaka ule niko na 18. Vita ilishuka kwetu, mama akanificha mu matete ya ziwa siku tatu, maji inafika hapa ku kifua. Samaki kidogo zilikuwa zinagusa miguu yangu bila kuogopa, zilizani niko tete. Siku ya tatu sikusikia tena mwili, nilikuwa kichwa tu juu ya maji. Mama alinivuta, akanipangusa na nguo yake kama mutoto mwenye kutoka tumboni, akasema leo nimekuzaa. Ile siku njo niliandikisha. Si uongo yote.

Halafu nikakuona wewe. Ukaniambia ya Natanaeli na ya Léopold, ukanyosha mukono, kadi. Nilikuwa na miaka 70. Ningesema nini? Ningesema, mama, rudisha ile kiti? Nilicheka juu ya woga. Na ule mutaro, Georgette, niliuruka, lakini nyuma ya nyumba ya Marcienne nilikaa chini mpaka magoti inarudi.

Sasa ya docta. Jana mchana, chumba kimetulia, jua inaingia kama maziwa, alikuja kunipima muguu, nikamuelezea ile ya matete. Hakucheka. Akauliza mama alikufa lini, uhuru uliniona wapi, nilinyoa ndevu mwaka gani. Halafu akakaa ku kitanda yangu, akachukua kalamu. Karatasi ya damu: 31, muzee wa 79, imepita, hakuna neno. Nilianza kutafuta viatu. Akasema ngoja mzee. Akachukua karatasi ya miaka, akafuta 61, akaandika 79, akaongeza kumi ya uanaume. 89. Imevuka mustari.

Basi nabaki. Nilitoa miaka 18 na sikupewa hata siku moja.

Akasema sasa anajua ni mutu gani anatunza. Akauliza, na bibi yako anajua? Akaniambia dawa ya kufungua damu ni kali, kwa muzee damu inaweza kuvuja, mwenye kukaa nami lazima ajue mutu wa miaka ngapi analala pembeni yake.

Siombi musamaha, mimi si mutu wa kuomba. Ninakuambia tu.

Appolinaire

*

Mbarara, Alhamisi Kuu, tarehe 17

Georgette,

Gisèle alifika. Nilimuona pa mulango, nikakaa muzuri, nikachana nywele. Aliniwekea sombe yako ya majani ya muhogo na mahindi ya kuchemsha. Nikauliza barua. Akasema hakuna. Nikauliza alisema nini. Akasema ulikuwa unachambua maharagi na haukuinua kichwa.

Sombe ilikuwa na chumvi yake vile vile. Sijui nisome nini ndani ya chumvi.

Ndoto zimekauka. Nikifunga macho naona tu ukuta.

Appolinaire

*

Nakivale, Jumamosi Kuu, 19 Aprili

Appolinaire,

Siku nne sikuweza kushika kalamu. Nilikwenda shambani nikarudi bila kujua nilipalilia wapi. Ukungu haukuondoka hata saa sita. Nilikuwa napunguza 79 kwenye 88, natoka na tisa. Naipunguza tena labda nimekosea. Tisa. Kumi ya kulima haiko. Kumi ya mlangoni haiko.

Jana nilikwenda Njia ya Msalaba, nikakaa nyuma kabisa. Thaddée alibeba vizuri, acha kumtukana. Alifika mpaka kituo cha kumi na mbili, goti likakataa, akauweka chini polepole kwa heshima. Nicodème akawatazama wanaume. Wanaume wakautazama mti. Mimi sijui nilipitaje katikati ya watu. Nicodème akasema, mama, hii haijafanyika. Nikamuambia mambo mingi hayajafanyika. Marcienne, bibi ya Thaddée, akashika mkia, mimi nikaingiza bega mbele.

Appolinaire, ule mti ni mzito.

Tulipumzika mara sita. Kila tukipumzika nilikuwa nawaza, mwaka jana mtu wa miaka 78 alipanda hapa na mti huu peke yake. Na nani alikuwa nyuma yake? Ni mimi. Nilikuwa napiga makofi. Ungelala chini mbele ya macho yangu, na mimi ningekuwa nimekufukuza mpaka pale kwa makofi yangu. Hiyo ndiyo uliyonifanyia. Si miaka.

Kule juu ukungu ulifunguka kidogo, nikaona ziwa lote na korongo wawili wanatembea pembeni kama watu wanaojadiliana. Nilikaa pale hata wengine waliposhuka. Bega linauma mpaka sasa, siwezi kulala upande ule.

Sijakusamehe. Kuzaliwa mara mbili ni shauri lako na mama yako, Mungu amlaze. Lakini moyo wako ulianza kupiga 1946, na docta anautibu ule, na mimi niliolewa na ule, hata kama sikuambiwa. Nilisema sitazika wa tatu. Sikusema sitakaa na mzee. Nyumba ni yako, rudi docta akikuruhusu, si siku moja mbele.

Nataka kitu kimoja. Wewe mwenye kuahidi kila kitu, niandikie kwa mkono wako kwamba utanizika wewe mimi. Ukiandika, nitaamini, najua ni ujinga. Nataka kuisoma tu.

Georgette

*

Mbarara, tarehe 23 mwezi wa ine

Bibi yangu Georgette,

Balipima damu tena. Machozi ya moyo imeshuka, ni 17. Docta Anne anasema kwa mutu wa miaka yangu ni maji safi. Kipande cha ku mapafu kinayeyuka. Mupira ya pua umetoka, natembea mpaka dirisha na kurudi, Ijumaa ataniachilia.

Nimeambia chumba yote niko na 79. Hawaamini. Grégoire alileta bashemeji zake kuniona. Muganga wa zamu akasema alizani 60, nikamuambia angalia meno. Kumbe hii namba ni tamu, sijui kwa nini niliificha. Mutu wa 61 akitembea mpaka dirisha hakuna anayeshangaa.

Mumewe Marcienne umuambie alibeba muzuri. Nimeiandika mara moja, asiniombe tena.

Bega yako uiweke majani ya mufumbasi yenye kuchemka.

Sasa ile uliomba. Nilishika kalamu tangu Jumatatu. Unanijua, naweza kuahidi kubeba hii hospitali ku kichwa mpaka Kaberebere. Niliandika "Nitaku", nikafuta. Niliandika tena, nikafuta, mpaka karatasi ikatoboka, Grégoire akanipa ingine. Hii siwezi. Nimeitafuta mu kinywa yangu yote, haiko.

Dawa njo naweza. Docta anasema kidonge moja asubuhi, moja jioni, miezi sita, na baadaye tutaona. Nitaimeza mbele yako, utafungua kinywa yangu uangalie chini ya ulimi. Na muguu utauangalia wewe kila siku, nitakaa kimya wakati unaangalia.

Hiyo njo niko nayo. Kama haitoshi uniambie kabla ya Ijumaa, nijue niteremkie wapi.

Appolinaire
wa 1946